Watani wa Jadi: Mashindano ya Vikundi vya Sare kutoka Beni ya Pwani hadi Mechi za Koo mjini Kampala

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vikundi vilivyovaa sare na kushindana hadharani, kwa shangwe na kwa kanuni, katika miji ya Afrika Mashariki na maeneo jirani. Mifano mitatu inatumika: beni na lelemama za pwani ya Uswahilini, kalela ya Ukanda wa Shaba, na mechi za koo za Baganda zilizoanzishwa mwaka 1950. Hoja ya makala ni kwamba msingi wa uanachama, yaani hiari au nasaba, ulichangia sana kuamua hatima ya kila shindano. Pamoja na tofauti hiyo, mashindano yote yalitegemea sharti moja: kila upande ulimhitaji mpinzani wake, na hivyo ulikuwa na sababu ya kutomwangamiza.

Utangulizi

Kalerwe ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Kampala, katika Tarafa ya Kawempe, mahali ambapo Barabara ya Gayaza hukutana na barabara ya mchepuo ya kaskazini. Soko lake hupokea ndizi, viazi na mboga kutoka mashambani, na wakazi wake wametoka pande nyingi za Uganda. Katika mtaa wa namna hii, jirani hujulikana kwa kazi yake na lugha yake kabla ya kujulikana kwa ukoo wake. Hata hivyo, Mganda aulizwapo ni nani, jibu lake halikamiliki mpaka ataje muziro, yaani mnyama, samaki, mdudu au mmea ambao ukoo wake umejiharamishia kuula: Mamba, Ngeye, Nkima, Mbogo, Nsenene na kadhalika. Timu za koo ziingiapo uwanjani katika mashindano yaitwayo kwa Kiganda Empaka z'Ebika, utambulisho huo huvaliwa mwilini na kuimbwa kwa sauti.

Mashindano hayo yana jamaa zake katika historia ya eneo zima. Zaidi ya nusu karne kabla ya koo za Buganda kuanza kupimana nguvu kwa mpira, vijana wa Mombasa walikuwa wakipimana kwa gwaride, tarumbeta na karamu. Kuzitazama desturi hizi pamoja kunasaidia kujibu swali ambalo mifano hiyo, ikichukuliwa mmojammoja, hailijibu: jamii za mijini zilijifunzaje kupingana bila kuwa maadui, na kwa nini mafunzo hayo yalidumu mahali pengine na kutoweka kwingine?

Beni: upande wa kuchagua

Neno beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Ngoma yenyewe ilichomoza Mombasa katika miaka ya 1890. Ala zake zilikuwa na vyanzo vinavyofahamika. Kituo cha Wamisionari cha Freretown, kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kilikuwa na wapigaji wa tarumbeta. Na Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya kasri. Lakini ala pekee hazikuunda shindano. Shindano lilikuwapo tangu zamani. Mombasa ilijigawa katika Miji Tisa na Miji Mitatu, na Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Ushairi, ngoma na karamu vilikuwa nyenzo za kila upande kuuonyesha upande wa pili kwamba nao upo. Beni ilichukua upinzani huo wa kale ikauvika sare mpya.

Mombasa iliwajua Kingi na Skochi, majina yaliyorejelea mfalme wa Waingereza na askari wa Uskoti. Katika koloni la Wajerumani, na baadaye Tanganyika, pande kuu zilikuwa Marini na Arinoti. Marini walihesabiwa kuwa watu wa hadhi: makarani, wasomi wa shule za serikali na vijana wa pwani waliojivunia ustaarabu. Arinoti waliwavuta zaidi wafanyakazi wa kawaida na wahamiaji kutoka bara. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari na wauguzi wake. Kofia, mikanda, nishani na fimbo za maofisa zilitafutwa kwa gharama kubwa, na wanachama walifanya mazoezi ya gwaride jioni baada ya kazi.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilieneza beni mbali na pwani. Askari waliopigana upande wa Wajerumani na wale wa Keya waliopigana upande wa Waingereza waliifahamu ngoma hiyohiyo, na wapagazi waliokusanywa kwa maelfu katika kikosi cha Kariakoo waliikuta kambini. Amani iliporejea, waliorudi makwao waliichukua. Kando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, na katika migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ikaitwa mbeni.

Watawala wa kikoloni walizisoma sare hizo kwa namna mbili zilizopingana. Wapo walioona kichekesho: Mwafrika anayemwiga Mzungu asijue maana ya anachokiiga. Wapo walioona hatari, yaani mtandao wa siri wenye vyeo, barua na matawi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na baada ya vita walifanya uchunguzi kutafuta njama ya kisiasa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba tafsiri zote mbili zilikosea shabaha. Walengwa wa maonyesho ya Marini hawakuwa Wazungu. Walikuwa Arinoti. Cheo cha jenerali kilitolewa na wanachama, kikatambuliwa na wapinzani, na kilikuwa na kazi: kusimamia michango, kuwapokea wageni kutoka tawi la mji mwingine, kumuuguza mwanachama na kumzika afapo mbali na kwao. Kwa mhamiaji asiye na ukoo mjini, jambo la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Aliyeingia Arinoti alikuwa amejipatia watu wa kubeba jeneza lake.

Msingi wa yote hayo ulikuwa hiari. Mtu hakuzaliwa Marini. Aliingia, akalipa, akavaa na akaweza kuhama. Uhuru huo uliifanya beni ifae mijini, ambako watu wa makabila mengi walihitaji namna ya kuwa pamoja. Uhuru huohuo ndio ulioifanya iwe dhaifu: kilichochaguliwa kingeweza kuachwa.

Lelemama na gharama ya kushindana

Wanawake wa pwani walikuwa na mashindano yao. Katika utafiti wake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, Margaret Strobel alieleza upinzani wa vyama viwili vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, ulioshika kasi katika miaka ya 1930 na 1940. Vyama hivyo vilikuwa na viongozi wenye vyeo, vilishona sare, vilifanya maandamano ya mapambo na vilitungiana nyimbo za mafumbo. Wanachama wake walitoka katika tabaka mbalimbali, wakiwamo wenye asili ya utumwa, na ndani ya chama mwanamke aliweza kupata cheo ambacho nasaba yake isingempa nje.

Bei ya heshima hiyo ilikuwa kubwa. Upande mmoja ukichinja, wa pili ulipaswa kuchinja zaidi. Upande mmoja ukibadili sare, wa pili haukuthubutu kutokea na ya zamani. Wapo waliouza vitu vyao vya thamani ili chama kisiaibike. Wanazuoni wa mageuzi waliyakemea mambo ya namna hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili dhidi ya ufujaji wa mali na uigaji wa Wazungu, akiwataka Waislamu wa Mombasa waelekeze nguvu zao katika elimu. Lawama hiyo haikuwa bila msingi, kwani deni la sare lilikuwa deni la kweli.

Hata hivyo, ustadi uliopatikana katika lelemama haukupotea. Wanawake walikuwa wamejifunza kuitisha mkutano, kutunza fedha, kugawana majukumu na kumtii kiongozi waliyemchagua. Vyama vya kisasa zaidi vya wanawake Waislamu vilipoundwa Mombasa katika miaka ya 1950, vilikuta watu waliokwisha kuzoea kuendesha chama. Dar es Salaam, jambo hilo lilionekana kwa uwazi zaidi. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba kabla ya kuwa kiongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na alipotafuta wanachama aliviendea vikundi vya ngoma. Chama cha siasa kilivuna kwa miezi kile ambacho ngoma ilikilima kwa miaka mingi.

Kalela: upande wa kabila

Katika Ukanda wa Shaba, mambo yalichukua sura nyingine. Mgomo wa wachimba migodi wa mwaka 1935, ambao ulimalizika kwa polisi kuwaua wafanyakazi 6 huko Luanshya, uliwafanya watawala waichunguze mbeni kwa makini, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa mitandao michache iliyowaunganisha wafanyakazi nje ya mamlaka ya kampuni na ya machifu.

Miaka michache baadaye, ngoma iliyotamba katika eneo hilo ilikuwa kalela. J. Clyde Mitchell aliichambua katika kijitabu kilichotoka mwaka 1956, akifuatilia timu ya Wabisa. Kwa mavazi, kalela ilifanana na beni: wachezaji walivaa mashati safi, suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, na miongoni mwao walikuwamo mfalme, daktari na muuguzi. Kwa uanachama ilitofautiana nayo, kwa sababu timu ilikuwa ya watu wa kabila moja kwa kiasi kikubwa. Nyimbo zake zilisifu kwao na kuwatania wa makabila mengine, na watazamaji kutoka makabila hayo walicheka.

Kicheko hicho ndicho ufunguo. Mitchell alikihusisha na uhusiano ambao Waswahili huuita utani. Mtani huruhusiwa kukutukana, kukudai na hata kukuharibia shughuli kwa mzaha, nawe huruhusiwi kukasirika. Siku ya msiba, mtani huyohuyo ndiye mwenye kazi mazikoni. Utani unakiri kwamba watu hawa wawili si wamoja, kisha unaweka kanuni ya namna watakavyokuwa tofauti. Tanganyika, makabila yaliyowahi kupigana au kupita katika nchi ya mwenzake yalikuwa na utani. Mgodini, kalela iliupanua utani huo uwafikie watu ambao babu zao hawakuwahi kukutana.

Mechi za koo: upande wa kuzaliwa

Nchini Buganda, shindano lilijengwa juu ya msingi wa kale kuliko mji. Koo za Baganda, ambazo idadi yake inazidi 50, zina wakuu wao waitwao abataka, na kila moja hugawanyika katika matawi na vitawi hadi kufikia nyumba ya mtu mmoja. Kila ukoo una majina yake, muziro wake na mdundo wake wa ngoma uitwao omubala, ambao humtambulisha mwenye nao hata kabla hajaonekana. Baadhi ya koo zilikuwa na kazi maalumu katika ufalme: ukoo wa Ngonge, kwa mfano, ndio uliorithi utengenezaji wa lubugo, nguo ya gome la mti, ambao ustadi wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu.

Mashindano ya mpira wa miguu baina ya koo yalianza mwaka 1950, wakati wa Kabaka Mutesa II. Mpira ulikuwa mgeni aliyeletwa na Wamisionari na kukuzwa shuleni, lakini wachezaji waligawanywa kwa kipimo ambacho hakuna mgeni aliyekileta. Mavazi ya watazamaji nayo yalibeba tabaka za historia. Kanzu ilitoka pwani pamoja na wafanyabiashara. Mmojawapo, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suna II mwaka 1844. Gomesi ya wanawake inahusishwa na shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905 kwenye barabara ileile inayopita Kalerwe, na na fundi cherehani wa Kigoa, Caetano Gomes, aliyeipa jina lake. Lubugo ni ya Buganda tangu asili. Kwa hiyo, umati wa siku ya mechi ulivaa pwani, Goa na Buganda kwa wakati mmoja, kama vile beni ilivyovaa Ulaya na Uswahilini.

Tofauti mbili kati ya mechi za koo na beni zinastahili kusisitizwa. Ya kwanza ni kuwapo kwa mwamuzi anayekubaliwa na wote. Marini na Arinoti hawakuwa na mkubwa wa pamoja. Mshindi aliamuliwa na kelele za umati, na ubishi ungeweza kuishia kwa ngumi. Kabaka, kwa cheo chake cha Ssaabataka, ni mkuu wa wakuu wote wa koo. Anapoyafungua mashindano, huyafungua kwa niaba ya pande zote, na atakayeshindwa hushindwa mbele ya mkuu wake mwenyewe.

Ya pili inahusu ndoa. Mganda haoi katika ukoo wake, na watoto ni wa ukoo wa baba. Kwa hiyo, kila nyumba iliyojengwa juu ya ndoa ina koo mbili ndani yake. Ngeye wakicheza na Mbogo, mke anaweza kuwa upande mmoja, na mume pamoja na watoto upande wa pili. Mtoto huyo anamshangilia baba dhidi ya wajomba zake, nao ndio watakaombeba kwa mzaha iwapo watashinda. Hakuna ukoo unaoweza kuuchukia ukoo mwingine bila kuwachukia mama, shangazi na wakwe. Mfumo wa ndoa ulikwisha kufanya kazi ambayo mijini pwani ilibidi ifanywe na kanuni za chama.

Kukatika na kurudi

Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali kuu ya Uganda yalishambulia kasri la Kabaka, Lubiri ya Mengo. Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafariki London mwaka 1969. Katiba ya mwaka 1967 ilizifuta falme. Mashindano ya koo yalikatika pamoja na ufalme uliokuwa ukiyafadhili, na kizazi kizima cha vijana kilikua bila kuyaona.

Hapa ndipo msingi wa uanachama ulipoonyesha uzito wake. Serikali iliweza kufuta cheo, kutwaa jengo na kuzuia mkutano. Haikuweza kufuta majina. Mtoto aliyezaliwa wakati wa marufuku alipewa jina la ukoo wake, akakatazwa kula muziro wake, na siku ya kuoa aliulizwa ni wa ukoo gani. Mashindano yalipofufuliwa, na hasa baada ya falme kurejeshwa na Ronald Muwenda Mutebi II kutawazwa Naggalabi tarehe 31 Julai 1993, hakukuwa na haja ya kusajili wanachama upya. Timu zilikuwa zimekwisha kuzaliwa. Mpira wa pete wa wanawake nao ukawa sehemu ya mashindano, na dada na shangazi wa ukoo, ambao hapo kwanza walikuwa watazamaji tu, wakaingia uwanjani.

Beni haikufutwa kwa namna hiyo. Ilipungua kwa sababu waliokuwa wakiichagua walianza kuchagua vitu vingine: vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, dansi na vilabu vya mpira. Lakini umbo lake lilibaki. Dar es Salaam, klabu ya Yanga iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaundwa ile iliyokuja kuitwa Sunderland, kisha Simba. Mji ukajigawa tena mara mbili, kwa rangi, nyimbo na michango. Jina ambalo Watanzania wameupa uhusiano wa vilabu hivyo halikubuniwa na waandishi wa michezo. Lilikuwa tayari katika lugha. Wanawaita watani wa jadi.

Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa inaonya dhidi ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni lile la maofisa wa kikoloni, la kuitazama sare na kudhani kwamba maana yake iko kule ilikoigwa. Maana ya sare ilikuwa kwa mpinzani aliyesimama mbele yake, na kwa mwanachama aliyejua kwamba siku ya msiba sare hiyo ingefuata jeneza lake. Kosa la pili ni la kusifu kupita kiasi. Mashindano yaligharimu, yaliwaingiza watu katika madeni, na yale yaliyojengwa juu ya nasaba hayakuwa na nafasi sawa kwa mhamiaji. Katika mtaa wenye watu mchanganyiko kama Kalerwe, mtu asiye Mganda anaweza kushangilia mechi ya koo, lakini hana timu. Beni ingempa timu, ila isingemhakikishia kwamba mjukuu wake ataikuta.

Hiari ilipokea wageni, nasaba ikahifadhi. Jamii za mijini katika eneo hili zimehitaji yote mawili, na zimeyapata kwa nadra katika chombo kimoja. Kilichokuwa cha kawaida katika mifano yote ni ufahamu kwamba ushindi hauna maana usipobaki na wa kushindana naye kesho. Karamu ya Ibinaal Watan ilihitaji Banu Saada waje waione. Wimbo wa Wabisa ulihitaji masikio ya kabila jingine. Mwaka 1966 mtutu wa bunduki uliuondoa upande mmoja wa mabishano nchini Uganda, na nchi haikutulia kwa muda mrefu baada ya hapo. Watani, kwa upande wao, walikuwa wamejua zamani kwamba anayekutukana leo ndiye utakayemhitaji mazikoni, wakaiweka kanuni hiyo katika ngoma, katika mavazi na katika mpira, ambamo hata mtoto angeweza kujifunza.